Kiangazi cha Kumtafutia Tausi Maneno

Harufu ya mawese yanayochemka ndiyo iliyokuwa ikituamsha nyumbani kwetu Buzebazeba. Ikianza kupenya chini ya mlango, tulijua Mama keshawasha moto nyuma ya nyumba na pipa lake limeanza kutoa povu jekundu. Kiangazi nilichorudi kutoka shule ya bweni, baada ya mtihani wa kidato cha sita, harufu hiyo haikuwepo. Mama alikuwa amefariki miezi michache kabla, kwa homa iliyomchukua haraka mno, na pipa lilikuwa limefunikwa kwa bati. Upepo wa ziwa ulituletea harufu ya dagaa walioanikwa mchangani Ujiji, ukaingia ndani usikute kitu cha kushindana nacho. Nyumba ilinuka kama ya watu wengine.

Nyumbani nilimkuta Baba, aliyekuwa fundi wa mitumbwi, shangazi aliyekuja kutulea, na mdogo wangu Tausi, msichana wa miaka minane. Tausi alikuwa kiziwi. Aliugua homa ya uti wa mgongo kabla hajaanza kusema, akapona, lakini masikio hayakurudi. Shule hakupelekwa, kwa kuwa hakuna aliyejua pa kumpeleka. Tulikuwa na ishara zetu za nyumbani: kula, kulala, njoo, acha. Kwa ishara hizo unaweza kumlisha mtoto na kumlaza, lakini huwezi kumweleza jambo lililokwisha kupita. Mama alipokufa, hakuna aliyeweza kumwambia.

Mimi mwenyewe nilifika baada ya mazishi, kwa hiyo yaliyotokea nilisimuliwa na shangazi. Tausi aliwaona wanaume wakitoka na jeneza lililofunikwa shuka, Baba akiwa mbele kabisa, bega lake chini ya mti wa jeneza. Alijua nani alikuwa ndani, maana alikuwa ameshikilia miguu ya Mama asubuhi yote. Akawakimbilia, wanawake wakamkamata. Alikaa mlangoni mpaka jua linazama, akawaona wanaume wale wale wakirudi mikono mitupu. Tangu siku hiyo hakupokea chakula kutoka mkononi mwa Baba. Baba akiingia chumbani, yeye hutoka. Majirani walijaribu kumwonyesha mbinguni kwa kidole. Alitazama juu, akaona kunguru, akarudisha macho yake kwa Baba. Aliamini Baba ndiye aliyempeleka Mama mahali akamwacha huko. Baba alichomwa kila siku na mtoto asiyejua kuwa anachoma.

Likizo ile ya kusubiri majibu ilikuwa ndefu, na wenzangu wote walikuwa wakitafuta kozi fupi ya kujiandaa na chuo. Mjini Kigoma kulikuwa na darasa la kompyuta. Mwalimu mmoja mstaafu alifundisha Kiingereza cha chuoni sebuleni kwake. Kozi ya tatu niliiona kwenye tangazo ukutani pa zahanati: lugha ya alama, Mwandiga, katika ukumbi wa kanisa. Niliirudia kuisoma ile karatasi mara kadhaa, nikarudi nyumbani bila kumwambia mtu.

"Utasoma kompyuta," Baba alisema jioni moja, tukiwa uani. "Nimeshazungumza na mwenye darasa. Chuoni huko kila kitu ni kompyuta, na wewe hujawahi hata kuigusa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Methali ile ilipomtoka, aliinamisha kichwa. Tausi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake, akisubiri Baba aondoke ndipo aje kula.

"Baba, mimi naomba kwenda Mwandiga."

"Mwandiga kuna nini?"

"Wanafundisha lugha ya alama."

"Ukazungumze na nani?"

Nilitazama mlangoni. Baba akageuka, akamwona mtoto mlangoni. Akaanza kukwangua utomvu wa mbao uliokauka kwenye kiganja chake.

"Ukimwambia, atanirudia?"

"Sijui, Baba."

Asubuhi yake alinisindikiza mwenyewe mpaka kituo cha magari ya Mwandiga. Habari za kompyuta hakuzitaja tena.

Mwalimu wetu, Yohana, alikuwa kiziwi tangu utotoni, mtu mrefu mwenye vidole vyepesi, na sisi tusiojua kitu aliwasiliana nasi kwa chaki ubaoni. Siku ya kwanza nilimwandikia kwamba nataka alama moja tu, alama ya kufa, nikamweleza kwa nini. Alisoma, akafuta ubao taratibu, akaandika: "Mtoto hana hata jina lake, wewe unataka kumpa kifo? Anza na jina."

Basi nikaanza na jina. Jina la Tausi tulilifanya vidole vilivyotanuka nyuma ya kichwa, kama mkia wa ndege mwenye jina lake. Baba alikuwa randa inayosukumwa juu ya ubao. Kila nilichojifunza asubuhi nilimletea mchana: maji, moto, samaki, jana, kesho. Siku za mwanzo aliniiga tu kama mchezo. Haba na haba hujaza kibaba. Wiki zilipita, akaanza kunivuta gauni na kunionyesha kila kitu, jiwe, kikombe, mbuzi wa jirani, akitaka jina la kila kimoja, mpaka nikaishiwa. Ndipo nikampa Mama: mkono unaoengua povu juu ya pipa. Nilipoufanya, Tausi aliganda. Akaufanya yeye, polepole, akaurudia, akaurudia tena. Kisha akafungua viganja vyake na kunitazama usoni. "Mama, wapi?" Lilikuwa swali la kwanza nililowahi kumwona akiuliza maishani mwake.

Jibu nililipata baadaye, kuku wetu mmoja alipokufa kwa kideri. Nilimwacha Tausi amguse, amtikise, aone kwamba haamki. Nikampa alama ya kufa. Tukamfukia pamoja. Tausi alitazama shimo, akanitazama mimi, na mkono wake ukaanza kuengua povu hewani. Nikaitikia kwa kichwa. Hakulia. Alikaa chini palepale, kwenye udongo.

Nilimwomba Baba atupeleke makaburini. Shangazi alinung'unika kwamba wanawake hawaendi huko, lakini Baba alivaa kofia yake tukaondoka. Tausi aliweka kiganja juu ya kaburi.

"Mama hapa?"

"Hapa."

"Atatoka?"

"Hapana."

Akamgeukia Baba, akanyoosha kidole, akaonyesha bega. Nikamfasiria Baba: "Anauliza kwa nini ulimbeba."

Baba akachuchumaa kando ya kaburi. "Mwambie nilimbeba kwa sababu alikuwa mke wangu. Mwambie sikumtupa."

Maneno yote hayo sikuwa nayo bado. Nikasema nilichoweza: "Baba, Mama, kupenda. Kubeba, kupenda." Tausi hakumkumbatia. Alisimama, akajipangusa udongo, na wakati wa kurudi alitembea upande wa Baba. Jioni alipokea sahani kutoka mkononi mwake, akaenda kula pembeni, akiwa amempa mgongo.

Nilifika chuoni sijui hata kuwasha kompyuta, wenzangu wakacheka, nikajifunza. Leo mimi ni mwalimu, na Tausi, aliyesoma shule ya viziwi mkoa mwingine, ni fundi cherehani huko huko. Tunaongea kwa video, mikono yake ikienda kasi kuliko macho yangu, hata namwomba apunguze mwendo. Baba alipofariki masika yaliyopita, mimi ndiye niliyempigia Tausi. Aliuliza kila kitu: nani alikuwa naye, aliumia, alikula nini mara ya mwisho, alimtaja nani. Nilijibu yote mpaka mikono ikachoka. Kuhusu Mama hakuwahi kuuliza hivyo. Alipopata maneno ya kuuliza, shangazi alikuwa amezeeka na kusahau, Baba hakupenda kuligusa jambo lile, na mimi sikuwepo Mama alipokufa.