Gari la Walter Kweyu na Feni Iliyopuliza Kinyume

Elsie Muhonja alijifunza kuendesha gari alipokuwa amepita miaka sitini, na wala hakujifunza kwa kupenda. Maisha yake yote ya ndoa alikuwa abiria. Alikaa kushoto katika gari dogo jeupe la Kijapani ambalo mumewe, Walter Kweyu, alilinunua walipohamia Buruburu, akapakata mkoba wake, na kazi yake barabarani ilikuwa kumwambia Walter apunguze mwendo.

Kisha Walter akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalegea na maneno yakamponyoka. Alikuwa fundi wa injini katika karakana ya reli, mtu wa kusimulia safari ya treni kituo kwa kituo mpaka chai ipoe. Sasa alitafuta neno moja kama anayepapasa kiberiti gizani, na akilikosa aligeuza uso ukutani. Siku nyingine alinyamaza kutwa.

Watu waliwashauri wauze gari. Binti yao Everline, anayeishi Eldoret, alipiga simu mara kadhaa kuwaambia kwamba teksi ni nyingi na gari lenyewe limezeeka. Elsie alimsikiliza, akamshukuru, asiuze. Alikuwa ameona jambo ambalo Everline hakuliona kutoka kule mbali: kila asubuhi, baada ya uji, Walter alijikokota na mkongojo hadi kwenye gari, akaketi ndani mlango ukiwa wazi, na humo ndani uso wake ulikunjuka. Basi Elsie akajiandikisha katika shule ya udereva pamoja na vijana waliomwita shosho, yaani bibi yao. Mtihani wa kwanza alianguka kwenye kurudi nyuma. Wa pili akapita, akarudi nyumbani akachinja kuku.

Hapo ndipo gari nalo likaanza maradhi.

Kila alipompeleka Walter kwa mazoezi ya viungo hospitalini, walipofika kwenye msongamano wa Jogoo Road, mshale wa joto ulipanda. Ulipanda polepole, Elsie akiutazama kuliko alivyotazama barabara, mpaka mvuke ukafuka kutoka kwenye boneti na wenye magari nyuma wakaanza kupiga honi. Mara ya kwanza alishuka akafungua boneti, akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha redieta kama alivyowaona wanaume wakifanya. Walter alikuwa ameshuka nyuma yake, Mungu anajua vipi. Alimkamata kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, wa kushoto, akakibana kwa nguvu ambayo Elsie hakujua kama bado anayo.

"Moto," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Wakasubiri kando ya barabara mpaka injini ikapoa, wameegemea gari kama wachumba.

Fundi wao alikuwa Wakoli, kijana wa Bungoma mwenye kibanda karibu na soko la Mutindwa. Wakoli aliwapenda wazee hawa na hakuwadanganya. Aliosha redieta, akabadilisha thamostati, akaongeza maji ya kijani ya kupoza injini. Gari likachemka tena. Mwishowe alijikuna kichwa, akamwambia Elsie kwa upole kwamba huenda gasketi ya silinda imeungua, na kwamba itabidi injini ifunguliwe juu. Elsie hakujua gasketi ni kitu gani, lakini alijua sauti ya daktari anayeleta habari mbaya; alikuwa ameshaisikia.

Jioni hiyo alimweleza Walter wakila. Alieleza kwa kutimiza wajibu tu, maana hakutarajia jibu. Walter akaweka kijiko chini na kutikisa kichwa. Akatikisa tena. Kesho yake alimwita Elsie nje kwa kugonga mkongojo kwenye boneti.

Asubuhi ile Elsie akawa mikono ya mumewe. Walter alielekeza kwa kidole na kwa vijineno. Alimfanya achomoe kijiti cha kupimia oili na kumletea machoni. Oili ilikuwa nyeusi, ya kawaida, si nyeupe kama chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayakuwa yamevujia ndani yake. Walter akaridhika. Akamfanya awashe injini, kisha akaenda nyuma kutazama moshi wa ekzosi, na kwa kuwa haukuwa moshi mweupe, akaridhika tena kwamba gasketi ni nzima. Injini ilipopata moto alimwonyesha mpira wa juu wa redieta, halafu wa chini, Elsie akaigusa kwa kitambaa na kusema yote miwili ni ya moto, kumaanisha maji yanazunguka. Walter akaitikia kwa kichwa kama mwalimu. Elsie alijishangaa kwa kuona raha, akiwa na grisi mpaka kwenye pete ya ndoa.

Ndipo feni ikawaka, ikavuma vizuri tu. Wakoli alikuwa ameifunga wakati Walter amelazwa hospitalini, baada ya ile ya zamani kufa. Ilitoka kwenye gari jingine. Walter aliisikiliza, kichwa kimeinama, na uso wake ukabadilika.

"Karatasi," akasema.

Elsie akakimbia ndani, akarudi na karatasi na kalamu, maana hospitalini waliambiwa kwamba kuandika kutamsaidia. Walter akaisukuma kalamu. Elsie akamrudishia. Akaisukuma mpaka ikaanguka, macho yakamjaa machozi ya hasira, na Elsie akahisi asubuhi yao nzuri inaharibika mbele yake.

"Baba Everline," akamwambia, "mimi siendi popote. Sema polepole."

Walter akavuta pumzi. Akaonyesha karatasi, kisha pua ya gari, pale mbele kwenye wavu. Elsie akaichukua karatasi, akaenda mbele, akainama na kuiegemeza kwenye wavu.

Karatasi ikaruka. Ilimpiga kifuani, ikaanguka kwenye kokoto. Akaiokota na kuirudisha. Ikamrukia tena, na safari hii akasikia pia hewa ya moto ikimpuliza usoni. Akainuka taratibu. Hakuwa mtu wa injini, lakini amewasha jiko la makaa tangu utotoni, na anajua upepo unavyopaswa kwenda.

"Hii feni inapaswa kuvuta," akasema. "Hii inasukuma nje."

"Inasukuma," Walter akasema. "Gari linaenda mbele. Upepo unaingia. Feni inaukataa."

Elsie alisimama pale. Hakufikiria feni. Alikuwa anahesabu maneno. Tangu kiharusi, Walter hakuwa ameunganisha maneno namna ile.

Wakoli alipokuja, aliona karatasi ikiruka na akacheka mpaka akajishika magoti. Akakumbuka mwenyewe kwamba plagi za feni ile hazikulingana na za gari, kwa hivyo alizikata akaunganisha nyaya, na zote mbili zilikuwa nyeusi. Alikuwa amezipishanisha. Aliposikia inavuma akaridhika. Alimwomba Mzee msamaha kwa mikono miwili, na Walter akampiga begani kwa mkongojo, si kwa nguvu. Kuzibadilisha hakukuchukua hata muda wa chai kuchemka. Safari hii karatasi ilinata kwenye wavu kana kwamba imebandikwa kwa gundi.

Jumapili walikwenda kanisani Ofafa, na baada ya ibada Elsie akaomba waende mbele zaidi, mpaka mjini, kwa sababu tu alitaka kuukuta msongamano. Wakaukuta. Malori yalisimama mbele, magari ya abiria yakabanana pembeni, jua likawachoma kwenye kioo. Mshale ulipanda hadi katikati. Feni ikavuma. Mshale ukatulia.

Walter alikuwa amekaa kushoto, mahali pa Elsie pa miaka yote, mkongojo umelala magotini. Magari yalipoanza kusogea, Elsie akakanyaga mafuta, akalifuata lori lililokuwa mbele yao.

"Mama Everline," Walter akasema, "punguza mwendo."