Kifo cha Bibi kwa Alama Ishirini na Tano

Mwalimu Pang Shouyi amefundisha Kiingereza katika shule yetu ya wilaya, huku jimboni Gansu, tangu kichwa chake kikiwa na nywele, na sijawahi kumwona akisoma kitabu cha Kiingereza. Meza yangu imegusana na yake, kwa hiyo sisemi la kusikia. Husoma habari za ufahamu tu, zile fupi za mitihani, na hata hizo hazisomi. Huzipekua kama mtu anayechambua mchele, akachukua mawe, akauacha mchele.

Mbinu zake zinajulikana wilaya nzima. Usianze na habari, anza na maswali. Jibu lenye neno "kamwe" ni la uongo, lifute. Jibu refu lina ukweli kuliko fupi. Ukiulizwa mwandishi anajisikiaje, chagua shukrani, maana hakuna mtunga mitihani aliyewahi kuandika habari ya mtu asiyeshukuru. Na juu ya yote, jibu limo ndani ya habari. Ya kwenu yaache kwenu. Watoto wanayaimba haya alfajiri uwanjani, mvuke ukiwatoka midomoni kwa baridi, na cha ajabu wanafaulu. Siku moja nilimuuliza mmoja wao kuhusu habari ya nyangumi aliyekwama ufukweni, ambayo alikuwa ameipatia maswali yote. Nilitaka kujua kama nyangumi alipona.

"Mwalimu Niu," akanijibu, "hilo halikuulizwa."

Halafu kuna mwandiko. Pang aligundua kwamba wasahihishaji wa mtihani mkuu, ule wa kuingia chuo kikuu, ni watu waliochoka, na mtu aliyechoka humwonea huruma mwenye herufi safi. Basi akawalazimisha watoto wa mwaka wa tatu, ule wa mwisho, waandike Kiingereza kwa mwandiko mmoja, herufi za mviringo zilizosimama wima kama zimetoka kwenye mashine. Kila mchana kabla ya usingizi wanafuatisha herufi za karatasi zile zile. Leo ukichukua rundo la karatasi zao utadhani limeandikwa na mtu mmoja asiye na baba wala mama.

Lakini kilichompa Pang jina hasa ni swali la mwisho, lile la kuendeleza hadithi. Mtahiniwa anapewa hadithi iliyokatwa katikati, anaandika aya mbili za kuimalizia, alama ishirini na tano. Pang ameliwekea swali hilo dawa. Wanafunzi wake wana sentensi walizokariri: moja ya machozi ya mama, moja ya machozi ya rafiki, moja ya mwanga wa jua kuingia dirishani. Hadithi yoyote ile, hata iwe ya mbwa aliyepotea, lazima iishie kwa kukumbatiana, na jua lichomoze hata kama ilikuwa usiku.

Sasa nije kwa mama yake. Likizo ya baridi ya mwaka jana, watoto wa madarasa mengine walikwenda makwao kula mwaka mpya. Wa mwaka wa tatu walibaki wakisomeshwa kwa siri, maana masomo ya likizo yamekatazwa, siri iliyojulikana na wilaya nzima, na Pang alikuwa mwalimu wao. Mama yake akaugua huko kijijini, juu milimani. Dada yake, Caixia, akapiga simu, nami niko pale pale ofisini, na Caixia ana sauti ya kuitia mbuzi.

"Kaka, njoo. Mama anakuulizia."

"Nina darasa, Caixia. Mtihani umekaribia."

"Mitihani iko kila mwaka. Mama unao wangapi?"

"Mwambie nakuja Jumapili mchana."

Jumapili mchana ndiyo mapumziko pekee ya watoto wale. Pang alikwenda Jumapili mchana kama alivyoahidi, akakuta jeneza limeshapigwa misumari. Waliokuwa kando ya kitanda cha bibi muda wote huo ni Caixia na Heyu, binti wa pekee wa Pang, ambaye wakati ule alikuwa mwaka wa pili, yuko likizo. Mama yake Heyu alikuwa Guangdong anashona nguo kiwandani.

Mahali penye watu wazima, mtu aliyefanya hivyo angetembea akiangalia miguu yake. Sisi tukamfanyia mkutano. Mkuu wa shule, Bwana Diao, alimbandika Pang ua jekundu la karatasi kifuani, akapaza sauti: "Huyu ndiye mwalimu! Kawatanguliza watoto wa watu, akamwacha mama yake!" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mfukoni, ilikuwa baridi.

Tangu siku ile Pang akaanza kuisimulia habari hiyo, na kila alipoisimulia iliongezeka nyama. Mwanzoni mama hakusema kitu. Baada ya wiki kadhaa mama alikuwa amesema, "Mwacheni afundishe." Kufika masika ya mwaka huu, mama alikuwa amekufa akitabasamu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Pang ilikuwa imewekwa lami na Bwana Diao, aliyekuwa amempendekeza kwa tuzo ya mwalimu bora wa jimbo.

Zamu ya kutunga mtihani wa majaribio ikamwangukia Pang, na kwa lile swali la mwisho akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiingereza. Mwalimu hodari, theluji barabarani, mama mgonjwa, wanafunzi wasio na mwingine. Hadithi inakatika simu ya mama inapolia. Aya ya kwanza ya kumalizia ianze na bibi kizee kuishika simu kwa mkono unaotetemeka. Ya pili ianze na mwalimu kufika nyumbani.

Akaniletea mezani. "Mwalimu Niu, soma, kisha uniambie kama hujatoa chozi."

"Nimesoma. Mama yako aliishika simu?"

"Hii ni hadithi."

"Basi mbona umeweka jina la kijiji chenu?"

"Una roho ya jiwe, wewe mama," akasema akicheka, akaichukua karatasi yake.

Nitasema ninavyoona. Haikuwa kwa ajili ya tuzo. Tuzo ni cheti na bakuli la tambi za nyama na wakubwa. Pang alitaka mama yake amsamehe, na kwa kuwa mama alikufa bila kumsamehe, aliona awatungishe watoto mia sita msamaha huo, kila mmoja kwa aya mbili.

Na Heyu, ambaye sasa alikuwa mwaka wa tatu, katika darasa la baba yake, aliukalia mtihani huo kama wenzake.

Sisi walimu wa Kiingereza tulisahihisha tumekaa kwa safu, majina yamefunikwa kwa karatasi na gundi kama ilivyo desturi, ili pasiwe na upendeleo. Karatasi baada ya karatasi, bibi alitabasamu. Bibi alisema anajivunia mwanawe. Machozi yalidondoka kama lulu zilizokatika uzi, na jua likachomoza mpaka nikaona kiu. Ghafla Pang akaangua kicheko.

"Sikilizeni hii, jamani. Sikilizeni!" Akasoma kwa sauti, akitafsiri kadiri anavyokwenda:

"Bibi kizee aliishika simu kwa mkono unaotetemeka, akaifunika kwa mto. Kila asubuhi alikuwa ameagiza liwekwe bakuli moja zaidi mezani. Asubuhi ya mwisho akasema liondolewe. Akauliza, 'Huyu nilimzalia nani?' Kisha akageukia ukutani. Mwalimu alipofika nyumbani, hapakuwa na mtu wa kumsalimia."

Wenzangu wakacheka, baadhi yao. Pang akaandika alama tatu, tena alisema zote tatu ni za mwandiko.

Mimi niliacha kusahihisha. Mtu yeyote mwenye masikio angejua karatasi ile imetoka nyumba gani.

"Mzee Pang," nikamwambia, "isome tena. Polepole."

"Nimeshaielewa."

"Hujaielewa. Usiipeleke darasani."

"Mwalimu Niu, kosa zuri linafundisha kuliko jibu zuri," akasema, akaiweka kando kwa somo la kesho yake. Aliyewafundisha watoto mia sita kusoma habari alikuwa ameshika habari ya nyumbani kwake mkononi, na hakuiona. Hata mwandiko haukuweza kumwambia kitu, kwa sababu mwandiko wa binti yake alikwisha kuufuta yeye mwenyewe.

Somo hilo lilikuwa la kutazamwa. Mimi na walimu wengine tulikaa nyuma kwenye viti vidogo, Bwana Diao katikati yetu na chupa yake ya chai. Pang akaimulika karatasi ukutani, kubwa kama shuka.

"Huyu amekosa nini?"

"Ametoka nje ya habari!" darasa likaitikia kwa pamoja.

"Mama gani anamgeuzia mwanawe mgongo? Yupo? Mmewahi kumwona? Nani ameandika takataka hii? Asimame tumjue."

Heyu akasimama, safu ya tatu, karibu na dirisha. Msichana mwembamba, miwani mizito, sare yake ya michezo imemzidi mabega.

"Ni mimi, Mwalimu."

Kuna waliocheka, kisha wakainamia madaftari yao. Pang alitabasamu bado. Uso wake haukuwa umepata habari.

"Haya, Heyu. Haya umeyatoa wapi? Tuonyeshe mstari."

"Hakuna mstari. Nilikuwepo." Akasukuma miwani yake juu. "Bakuli nililiondoa mimi."

Pang akageuka kuutazama ukuta. Nilimwona akisoma. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, nilimwona mtu yule akisoma, midomo ikicheza, neno moja baada ya jingine, mpaka mwisho, halafu akarudi kwenye neno moja katikati na kukaa hapo. Bwana Diao akakohoa, na kikohozi hicho kikamrudisha Pang kwenye kazi yake.

"Kaa chini," alisema. "Utaandika upya. Kesho asubuhi, mezani kwangu."

Nilidhani hataandika. Ningekuwa mimi nisingeandika, lakini mimi sina mtihani mkuu mbele yangu. Asubuhi ile nilikuwa nakula mkate wangu wa mvuke kwa pilipili, mlango ukafunguliwa, Heyu akaweka karatasi mbele ya baba yake. Kila kitu kilikuwemo: mkono uliotetemeka, lulu zilizokatika uzi, theluji iliyoyeyuka, jua. Bibi alikufa akilitaja jina la mwanawe. Ilikuwa nzuri, na niliichukia. Pang akaisoma, akaandika ishirini na nne.

Kisha hakuiweka chini ile kalamu.

"Heyu."

"Naam."

"Lile neno la bibi yako." Alikuwa anaongea na meza. "Alilisema kweli?"

Msichana alimtazama baba yake. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Alimtazama kama mwenye duka anayemuuliza mteja saizi ya viatu.

"Unataka jibu la mtihani, Baba, au la kweli?"

Niliacha kutafuna. Simpendi mtu huyu, nimeshasema vya kutosha, lakini wakati ule nilimwombea. Neno moja tu, na angempata mama yake, mkali, aliyekasirika, lakini wake. Mtoto alikuwa amemfungulia mlango na kusimama pembeni ampishe.

Pang akaifunika kalamu yake kofia.

"La mtihani," akasema.

"Alitabasamu," Heyu akamwambia. "Akasema anajivunia wewe."

"Kisha?"

"Kisha akalala."

Pang akaufunika uso kwa mikono miwili, akalia kwa kwikwi, kilio ambacho sikukisikia kwake hata siku aliporudi kutoka kwenye jeneza lile. Alilia kwa muda mrefu. Heyu alisimama wima mbele ya meza, mikono ubavuni, akimsubiri amalize, kwa sababu mwanafunzi haondoki mbele ya mwalimu mpaka aruhusiwe.