Mume Wangu Alipohamia Tii Nyekundu

Mume wangu alianza gofu kwa sababu ya kitambi. Daktari alimwambia atembee, naye, kwa kuwa ni wakili na hawezi kufanya jambo bila mavazi yake maalumu, akaona kutembea barabarani kama watu wengine ni kujidhalilisha. Akajiunga na klabu ya gofu hapa Kisii. Akanunua fimbo, kofia, glavu ya mkono mmoja na suruali ya rangi ya malenge. Alipotoka nayo sebuleni mara ya kwanza, nilimuuliza kama hiyo ni suruali au ni adhabu ya mahakama.

Nilimfuata baada ya miezi michache, hasa kwa kuchoka kusimuliwa. Mimi ni daktari wa mifugo. Nimezunguka Nyamira nzima, nikianzia kwetu Magwagwa, nikichanja ng'ombe na kuvuta ndama waliokataa kutoka. Ukivuta ndama kwa miaka mingi, unapata mabega ambayo fundi wa nguo huyalalamikia. Siku ya kwanza mkufunzi aliponipa fimbo, nilipiga mpira ukaenda hadi tukaacha kuuona. Akaniuliza nilikuwa nikicheza wapi. Nikamwambia, zizini.

Kwa asiyejua mchezo huu: kila shimo lina mahali pa kupigia mpira wa kwanza, panapoitwa tii, na tii zenyewe ni kadhaa, zimewekewa alama za rangi. Nyeupe ziko nyuma, mbali na shimo. Nyekundu ziko mbele, karibu. Kibao kando ya ofisi kilieleza kwamba mchezaji achague tii kulingana na uwezo wake. Hakuna aliyekifuata. Watu walichagua kulingana na kilichomo ndani ya suruali. Mwanamume nyeupe, mwanamke nyekundu, na mazungumzo yameisha.

Kwa hiyo kila Jumapili asubuhi tulicheza hivi. Sisi ni Waadventista, Jumamosi ni ya kanisa, na Jumapili wachezaji wengi Wakatoliki wako misani, basi kiwanja huwa na nafasi. Mume wangu alisimama kwenye nyeupe, akatikisa makalio, akapiga. Shimo la tatu lina bonde, na chini ya bonde kuna kijito na nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe. Mpira wake ulipaa kidogo, ukafikiria, ukashuka kwenye nepia. Akatoa mwingine. Nao ukaufuata wa kwanza. Mimi nilikuwa mbele kule, kwenye nyekundu, nikimngoja chini ya mwavuli. Zamu yangu ikifika, nilipiga mpira mdogo wa aibu, maana nikiupiga kwa nguvu kutoka pale ulipita shimo ukaenda shambani kwa watu. Hakuna kati yetu aliyekuwa akicheza gofu. Yeye alikuwa akilisha kijito, mimi nilikuwa nikiota jua.

Jumapili moja kulikuwa na kundi nyuma yetu, likiongozwa na meneja wa benki mwenye sauti nene. Mume wangu alikuwa ameshatupa mipira mingi bondeni, amebaki na mmoja. Meneja akaita, "Wakili, tuombe kesi iahirishwe?"

Wenzake wakacheka. Niliona shingo ya mume wangu ikigeuka rangi. Nikatoka pale mbele, nikapanda mlima na fimbo yangu hadi kwenye nyeupe, nikachomeka mpira wangu chini bila kumwomba mtu ruhusa. Nikapiga. Mpira ukavuka kijito, ukavuka nepia, ukadondoka karibu na bendera ya shimo.

"Sasa wewe," nikamwambia mume wangu kwa Ekegusii, ili wale wengine, kama kuna asiye wa kwetu, wasielewe. "Nenda upigie pale mbele."

"Pale ni pa akina mama."

"Mama mwenyewe yuko hapa. Pale pameachwa wazi."

"Unanifanya nini mbele ya watu?"

"Hao watu wanataka kupita. Una mpira mmoja. Ukiutupa huko tunarudi nyumbani, na leo ni zamu yako kupika."

Sijui ni lipi lililomshinda, lakini aliteremka. Akasimama katikati ya alama nyekundu kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa kutubu. Akapiga. Mpira ulivuka bonde kwa taabu tu, ukagonga ukingo wa juu, ukaruka, ukalala kwenye nyasi fupi. Aliutazama kwa muda mrefu. Tangu aanze mchezo huo hakuwa amewahi kufika kwenye pigo la pili la shimo la tatu. Alinitazama huku mdomo ukimcheza, na sote wawili tukacheka mpaka meneja akaanza kukohoa.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini Kisii ni mji ambao ukipiga chafya sokoni, shangazi yako wa Nyamira anapiga simu kukuuliza kama umepona. Jumamosi iliyofuata mzee wa kanisa aliomba kwa ajili ya nyumba ambazo utaratibu wake umepinduliwa. Alifumba macho, lakini uso wake ulielekea kwetu. Kabla ya wiki kwisha shemeji yangu mkubwa, kaka yake mume wangu, polisi mstaafu, akatuita nyumbani kwa mama mkwe, kule Nyakoe.

Tulikaa sebuleni, chai ikamiminwa. Shemeji alianza kwa maombi, kisha akamkazia macho ndugu yake.

"Tumesikia unapigia mahali pa wanawake."

"Ni alama tu, kaka. Rangi."

"Na huyu," akanionyesha kwa kidevu, "tumesikia anapigia mahali pa wanaume."

"Anapiga mbali kuliko mimi."

Shemeji aliweka kikombe chini taratibu, kama aliyesikia mtuhumiwa akikiri bila kuguswa. "Hayo hata kama ni kweli, mtu hayasemi."

Mama mkwe, aliyekuwa ametulia kwenye kiti chake karibu na mlango, aliuliza uwanja huo una ukubwa gani. Mume wangu akamweleza: kutoka hapa hadi ng'ambo ile ya kilima, na zaidi.

"Wote ni nyasi?"

"Wote."

"Na ng'ombe?"

"Hawaruhusiwi, mama."

Alituangalia mmoja baada ya mwingine, akafika kwangu akakomea hapo. "Na wewe daktari wa ng'ombe umekubali?"

Kikao kikahamia kwenye nyasi. Mama mkwe alitaka kujua zinakokwenda zikikatwa, na shemeji akajaribu kurudisha mjadala kwenye heshima ya ukoo, lakini alikuwa ameshapoteza. Tuliondoka na agizo la kuuliza klabu kama inauza nyasi.

Shemeji hakukubali kushindwa. Jumapili alikuja mwenyewe, na viatu vyake vya polisi, kuonyesha namna mwanamume anavyopiga. Tulimpa fimbo kwenye nyeupe ya shimo la tatu. Aliizungusha kwa hasira, akakosa mpira kabisa, akazunguka nayo akakaa chini. Hatukucheka. Mume wangu alimnyanyua, akampangusa nyuma, akamwambia kwa upole, "Njoo pale mbele, kaka. Bonde ni lile lile." Alikataa. Alisema uwanja umeinama, akaenda kunywa soda.

Wanaume wa klabu walianza kuhamia nyekundu kidogo kidogo, kila mmoja na cheti chake cha ugonjwa. Mmoja alikuwa na goti. Mwingine upepo ulikuwa mbaya. Meneja wa benki alisema leo ana mafua, tusimfikirie vibaya, na mafua hayo hayajamtoka mpaka sasa. Akina mama wawili wakarudi nyuma kunifuata. Mmoja ni mtawa wa Kikatoliki anayepiga mpira kana kwamba umemkosea Mungu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mume wangu alianza kunishinda. Alipoacha kuvuka bonde kwa ushujaa, alijifunza kucheza. Mpira wake hauendi mbali, lakini unakwenda anakotaka, na karibu na shimo ana mkono mtulivu ambao sikujua anao. Mimi napiga mbali, kisha nahangaika vichakani. Kwenye mashindano ya wanandoa mwaka jana alinipita waziwazi, kutoka nyekundu, na meneja akampa kikombe mbele ya watu. Nilipiga makofi. Nilihisi wivu mkali sana, wa kitoto, wala sikuuficha vizuri.

Kwenye gari alinisimulia mchezo wote, shimo baada ya shimo, kana kwamba sikuwepo. Tulipokaribia nyumbani nilimwambia nadhani amekua sasa, labda ajaribu tena zile nyeupe.

"Kule nyuma?" akasema. "Hapana. Kule ni kwenu."