Siku ya nane ya Josiane

Saa tatu kasoro robo asubuhi, Josiane Bantegnies anabana simu kati ya sikio na bega, rula mkono mmoja, penseli mkono wa pili. Mbele yake, juu ya meza ya mapokezi ya hoteli ndogo ndani ya kuta za kale za mji wa Le Quesnoy, kaskazini mwa Ufaransa, kuna karatasi pana iliyochorwa vyumba vya mistari.

"Hapana, bwana. Siku sikuulizi," anasema kwenye simu. "Nakuuliza, mtalala hapa mara ngapi? Nihesabie kulala."

Anasikiliza, anaandika namba, anaipigia mstari chini mara mbili. Akikata simu anacheka peke yake.

Ukifika hotelini hapo kuulizia likizo ya gofu, utaelekezwa kwake. Yeye ndiye anayepanga nani acheze saa ngapi kwenye uwanja ulio karibu na msitu, nani ale nini, nani apelekwe kuzunguka ngome mvua ikizuia mchezo. Mezani pana kibao cha shaba chenye jina lake. Anakifuta kila asubuhi kwa kona ya sweta, na haoni haya kukwambia hivyo.

"Miaka ishirini na miwili nimetandika vitanda humu," anasema mama huyo wa miaka hamsini na minane. "Vitanda kumi na vinne kwa siku, kwa mshahara wa kima cha chini. Hakuna godoro la hoteli hii nisilolijua tabia."

Mgongo ulipogoma, akahamishiwa mapokezi. Hapo akagundua kwamba wacheza gofu wanakuja, wanalala, wanaondoka bila kuujua mji. Akamwomba mwenye hoteli, Bwana Carlier, amwachie kundi moja tu alipangie safari nzima mwenyewe.

Carlier hakuzunguka. "Kundi moja," alimwambia. "Likienda vizuri, kazi hii ni yako. Likienda mrama, naipeleka kwa wakala wa jijini Lille, na wewe hutaniuliza tena."

Kundi lenyewe lilikuwa madereva wa mabasi kumi na wawili, wastaafu kutoka Yorkshire, Uingereza. Kiongozi wao, Harold Pickersgill, alijitahidi akaandika barua kwa Kifaransa, kwa heshima tu. Aliomba siku nane mwanzoni mwa Machi, bei zikiwa bado chini.

Hapo ndipo balaa lilipojificha. Kwa Mfaransa, siku nane ni wiki. Anaihesabu Jumamosi ya kwanza na Jumamosi ya mwisho, wala halimpitii kichwani kwamba kuna binadamu anayehesabu vingine. Josiane akapanga Jumamosi hadi Jumamosi, kama ambavyo angepanga mama yake na bibi yake.

Mambo yalikwenda kama maji. Zamu za uwanjani hazikugongana hata moja. Wageni walikula pai ya jibini la Maroilles, lile linalonuka kuliko viatu vyao, na wakaomba tena. Jumamosi ya pili asubuhi Josiane akawafungia mikate ya njiani, akaipanga mezani, akasubiri kuwaaga.

Wakashuka wote kumi na wawili. Wamevaa viatu vya gofu.

"Mbona viatu hivyo?" aliuliza, kwa Kiingereza chake cha kubahatisha.

"Si tunacheza?" Pickersgill akajibu. "Leo ndiyo siku ya nane. Meli yetu ni kesho."

Vyumba vilikuwepo, hilo halikuwa tatizo. Uwanja ndio haukuwepo: siku hiyo ulikuwa na mashindano ya wanachama, na haukuingilika. Na Carlier alikuwa amesimama pale pale, kikombe cha kahawa mkononi.

"Leo wanacheza wapi, Bi Josiane?" akauliza kwa upole, na upole wa Carlier ndio unaotisha.

"Nilitaka ardhi ipasuke inimeze," anakumbuka. "Ningeweza kusema barua ilikosewa. Barua ilikuwa ya mzee wa watu aliyejifunza lugha yetu ili aniandikie. Nikasema, kosa ni langu. Nipeni dakika tano."

Akampigia kaka yake, Léonce, mfuga ng'ombe nje kidogo ya mji.

"Ng'ombe bado wamo zizini?"

"Wamo. Unawatakia nini?"

"Leo si mnacheza krosi malishoni? Nawaleta Waingereza kumi na wawili."

"Wa gofu? Waambie huku nyasi hazichanwi kwa kitana."

Krosi ni mchezo wa kwao, wa wakulima na wafanyakazi wa viwandani, unaochezwa majira ya baridi wakati malisho hayana ng'ombe. Fimbo ina kichwa cha chuma, na mpira ni wa mti mgumu, wenye umbo la yai. Wazee wa huko hukuapia kwamba gofu ilizaliwa humo, na ukiwabishia hutanyweshwa bia. Tofauti ni moja: ukishapiga mara tatu kuelekea shabaha, mpinzani wako ana haki ya kuupiga mpira wako mara moja, kuurudisha anakotaka yeye.

Josiane alieleza haya yote, lakini nadhani hawakumwamini. Pickersgill akapiga tatu safi, mpira ukalala hatua chache kutoka ubao wa shabaha. Wenzake wakampigia makofi. Léonce akaja polepole, akainama, akautandika hadi mtaroni.

Carlier, aliyekuja kushuhudia mwenyewe, alitazama buti zake.

"Samahani," Pickersgill akasema, uso umemwiva. "Ule ulikuwa mpira wangu."

"Ulikuwa," Léonce akakubali.

Mzee akamtazama. Akautazama mtaro. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akashikilia fimbo asianguke. "Miaka arobaini nacheza gofu," akasema, "kumbe nilikuwa nacheza bila adui!"

Baada ya hapo hapakukalika. Wageni waliahidi kuugonga ubao kwa zamu tano, kila zamu mapigo matatu, na ya tano ilipofika wakabakiwa na pigo moja, mpira umezama kwenye tope la kwato. Wakapeana fimbo, kila mtu akimsukumia mwenzake. Josiane akaichukua yeye. Hakuwa amepiga krosi tangu ana miaka kumi na tisa.

"Dada, hilo si shuka," Léonce akamchokoza. "Halitandikwi."

Akatandika. Mpira ukatoka topeni na kuugonga ubao hadi ukaanguka. Madereva wakambeba juujuu, na kwa kweli alilia, na anasema angelia tena.

Jumatatu yake Carlier alifika na kibao cha shaba mfukoni. Hakuhutubia. Alikiweka mezani, akaomba kahawa.

Mwaka huu madereva wanarudi, na wameandika mapema: "Tupangie siku nane. Nane za kwetu, si za kwenu. Za krosi ziwe mbili." Makundi mengine manne yameomba vivyo hivyo.

Septemba ni zamu ya Josiane kuwa mgeni. Madereva wamemwalika Yorkshire, na itakuwa mara yake ya kwanza kulala kitanda cha hoteli alichotandikiwa na mtu mwingine. Aliomba likizo ya siku nane. Carlier akatia saini, karatasi ikarudi imeandikwa Jumamosi hadi Jumamosi.

Josiane akampelekea tena karatasi hiyo ofisini.

"Bosi, nitalala huko mara nane. Hesabu."

Carlier akahesabu kwa vidole, akaguna, akafuta, akaandika upya. "Na meza yako ataishika nani?"

"Itaningoja," akamjibu. "Ina jina langu."