Shikamoo kwa Kichuguu

Kabla sijajua kwamba sioni, nilijulikana mtaa mzima wa Kanyenye kama mtoto asiye na adabu. Wazee walipita upande wa pili wa barabara nami nikawapita kimya, nikiwadhania magunia ya karanga. Shangazi yangu, ambaye nilikaa kwake ili nisome mjini, alipokea mashtaka hayo kila jioni. Alinichapa, kisha akanipa sheria rahisi: chochote kilichosimama mbele yako, kiamkie.

Nikaamkia. Niliamkia watu, niliamkia nguzo, na asubuhi moja kwenye njia ya Kipalapala nilipiga goti nikakipa kichuguu shikamoo ya heshima zote. Hakikuitikia. Nikasubiri kidogo, maana wako wazee wanaopenda kukuchelewesha. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini, na tangu siku hiyo wakawa wananiita mjukuu wa mchwa.

Mimi mwenyewe sikujua kitu. Nilidhani dunia ndivyo ilivyo kwa kila mtu, imepakwa uji, na kwamba wenzangu wamenizidi tu akili ya kukisia.

Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na utaratibu wake wa viti. Wenye alama nzuri walikaa mbele, wabovu nyuma, wasije wakawaambukiza wengine. Nilianza mwaka benchi la pili. Sikuuona ubao vizuri, nikakosa hesabu, nikasogezwa nyuma. Kule niliona vibaya zaidi, nikakosa zaidi, nikasogezwa tena. Ukuta usingekuwapo, ningemaliza mwaka kwenye shamba la mihogo. Alikuwa mtu wa bidii mwalimu yule, na kwa bidii yake aliniweka mahali hasa ambapo nisingejifunza kitu.

Kitabu kingeniokoa, kwa kuwa cha karibu nilikiona. Lakini kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto watatu, kikikaa katikati, na nilipokivutia usoni mwalimu aliuliza, "Unakinusa? Unadhani ni mchuzi?" Nikifinya macho kuutazama ubao, alisema ninamkunjia uso, na fimbo ikafuata. Yakabaki masikio. Nilikariri kila kilichosomwa kwa sauti, na katika somo la dini nilikuwa malaika, maana dini ilifundishwa kwa mdomo. Hapo ndipo nilipojiharibia. Mtoto anayejua sala zote hawezi kuwa mjinga, kwa hiyo ni mvivu. Mjinga huhurumiwa. Mvivu dawa yake mnaijua.

Shangazi alijaribu tiba. Alianza na minyoo, akaninywesha kitu kichungu kilichonitoa vyote nilivyokuwa navyo isipokuwa tatizo lenyewe. Kisha jirani aliyekuwa ananyonyesha alinibana kichwa magotini, akanikamulia maziwa machoni. Yalinata kutwa nzima, nzi wakafurahi. Mwisho nilipelekwa zahanati, dresa, mfunga vidonda wa pale, akanifunua kope na kusema macho ni mazima, meupe, hayana usaha. Kweli hayakuwa na usaha.

Kilichonitisha ni mtihani wa mwisho wa mwaka, ambao ulikuwa unaandikwa ubaoni. Baba yangu, mkulima wa Puge, alikuwa ametuma neno kwa shangazi: nikishindwa nirudi nyumbani, kwani wako watu wameshakuja kuniposa, na ng'ombe wao wananona. Mimi nilitaka kusoma. Nilitaka kusoma kwa uchungu, kwa wivu, na niliwachukia wote waliokaa mbele.

Kila Jumamosi frateri mmoja, kijana aliyekuwa akisomea upadre, alitembea kutoka seminari ya Kipalapala kuja kutufundisha dini. Alivaa miwani yenye vioo vinene, na nyuma yake macho yalionekana madogo kama punje za mtama. Kabla ya sala aliivua akaiweka mezani, nadhani kwa heshima, kama wengine wanavyomvulia Mungu kofia. Kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa hodari wa sala, aliniita mbele niongoze.

Jumamosi moja darasa zima lilifumba macho, isipokuwa wale wa benchi la nyuma, watu wangu, ambao hawakufumba kamwe. Nilijua wananitazama. Basi, huku nikiianza Salamu Maria, niliichukua miwani, nikaivaa, nikavuta midomo kama frateri ili wacheke.

Nikafika "umejaa neema", nikakwama.

Niliona meno yao. Niliona kifungo kilichokatika kwenye shati la mvulana aliyekaa kule ukutani. Dirishani mwarobaini ulikuwa na majani moja moja, mengi, kila moja na ncha yake, nami miaka yote nilijua mti ni kitu kimoja cha kijani. Niligeuka. Juu ya ubao palikuwa na mstari mweupe ambao nilidhani ni uchafu usiofutika. Nikausoma kwa sauti: "Ajizi nyumba ya njaa." Mwalimu alikuwa ametuandikia sisi wa nyuma.

Frateri alifumbua macho, akapapasa meza. "Miwani yangu iko wapi?"

"Nimeivaa mimi, frateri."

Nilijiandaa kwa kofi. Badala yake aliivua usoni pangu, akauliza ninaona nini. Nikasema uji. Akanivisha tena. "Soma." Nikasoma. Alikwenda kumwita mwalimu huku akijigonga kwenye madawati.

"Huyo amekariri," mwalimu alisema. "Huyo hukariri kila kitu."

"Basi andika kipya."

Mwalimu aliandika kwa hasira, herufi ndogo: Kesho nitapanda viazi. Nikasoma kutoka benchi la nyuma kabisa. Mwalimu alikishika kipande chake cha chaki, akatazama fimbo, akatazama chaki. Hakuniomba radhi, na sijamsamehe hadi leo.

Miwani yangu mwenyewe ilipaswa kuagizwa mbali, na mtihani haukusubiri. Siku yenyewe frateri aliniazima yake, akakaa barazani na kitabu chake cha sala kilichofungwa, akisalimia sauti za watu. Nilipotoka, baba alikuwa ameshafika kutoka Puge kunichukua. Alikuwa hana shaka kwamba nimeshindwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hicho usoni ni nini?"

Nilivua ili nimrudishie mwenyewe, lakini baba aliidaka. Hakupenda hata kidogo. "Waoaji wakisikia, watasema ninawauzia kipofu," alisema. Akaivaa kwa dhihaka, akaniinamia karibu, akabetua midomo, kama nilivyofanya mimi, akageukia barabara.

Tukasubiri avue. Frateri alinyoosha mkono hewani, upande ambao baba hakuwapo. Miwani ilikuwa moja na wenye haja nayo tulikuwa watatu, kwa hiyo sikuuona uso wa baba wakati ule. Nilimsikia tu akivuta pumzi, kisha akaanza kutaja vitu kwa Kinyamwezi, polepole: kuku yule, kamba ile, yule mwanamke na mtoto mgongoni, mtoto amelala.

"Baba?"

"Nami niliwahi kupelekwa shule," alisema. "Kabla hujazaliwa, kabla sijamjua mama yako. Wakanirudisha. Walisema kichwa changu ni cha ng'ombe, na mimi niliwaamini."

Nilijua analia kwa sababu sauti ilikatika. Frateri, ambaye Kinyamwezi kilimpiga chenga, aliuliza kwa upole kama sasa anaweza kupata miwani yake. Baba alimshika mkono, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mtihani umeushinda?" aliniuliza.

"Sijui, baba."

"Ukishindwa utaurudia," alisema. "Nitawaambia wale watu wabaki na ng'ombe wao."