Asali ya Kila Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya swala asali ilinijia nyumbani. Ilikuja katika chungu kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba, nami nilikichukia kabla sijakifungua, kwa sababu nilijua nitaimaliza yote.

Aliyeileta alikuwa mama mkwe wangu. Kwa jamaa zake huku Maniema, chakula kitokacho kwa mama mkwe hakirudishwi. Chungu kinarudi kitupu, kimefutwa kwa kidole, na yeye hutazama ndani kabla ya kukiweka. Kikirudi na kitu, mkwe amesema: mchukue binti yako. Mimi nilikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Kindu, nina watoto na binti yake, na nilimpenda. Basi kila Ijumaa nilikifuta chungu.

Nami nilikuwa mgonjwa. Naeleza dalili polepole, maana huenda yuko anayesoma haya huku anazo, akidhani amerogwa. Kiu haina uhusiano na jua; unamaliza mtungi na ulimi umekauka vilevile. Unatoka kukojoa mara kwa mara, hata watoto wa chuo wanaanza kukonyezana ukiinuka katikati ya aya. Unakula kama mpagazi aliyetua mzigo, na bado nguo zinakulegea. Kidonda kidogo cha mguu, ulipokwaruzwa na mwiba tu, hakifungi. Na pale nyuma ya nyumba unapokojolea, sisimizi wanakusanyika. Wazee waliotoka pwani waliuita ugonjwa wa mkojo mtamu. Kama unayo haya, hujarogwa, wala hujakwisha. Keti, tuzungumze.

Kinachonikasirisha mpaka leo ni dawa waliyoitunga. Walisema: utamu unamvuja mgonjwa, sisimizi ni mashahidi, basi tumrudishie utamu. Ukiisikia mara ya kwanza unaona ina akili. Mtungi unaovuja si hujazwa? Hakuna aliyeuliza kama mtu ni mtungi.

Kaka yangu alikuwa na ugonjwa huuhuu kabla yangu, nao walimjaza. Asali ya msituni kutoka upande wa Obokote, ndizi mbivu zilizopondwa, maji ya muwa. Kadiri alivyokonda ndivyo walivyomwongezea, na yeye alishukuru kila kijiko, maana ugonjwa huu una ukatili wake: unakutamanisha kilekile kinachokumaliza. Alikufa pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyooza. Na matangani watu wazima, wenye ndevu, wakasema tulichelewa, asali haikutosha.

Mimi nilijua vingine kwa bahati. Nilikwenda Lokandu kufungisha ndoa, mto ukafurika, nikakwama kwa wavuvi. Pale hapakuwa na asali, wala ndizi mbivu, wala wali. Tulikula samaki wa kukausha, sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese, na karanga za kukaanga. Siku za kwanza nilikuwa mtu mbaya. Niligombana na mwenyeji wangu juu ya jiwe la kukalia. Niliota maji ya muwa nikaamka nikilamba midomo. Kisha kiu ikapungua. Kidonda kikaanza kukauka ukingoni. Asubuhi moja nikatazama pale nilipokojoa, na sisimizi walikuwa wakipita na safari zao kama kwamba hapana kitu.

Nilirudi Kindu nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu. Chungu kilikuwa kinaningoja. Nilikifuta, na cha Ijumaa ya pili pia, na kiu ikarudi na sisimizi wakarudi.

Nilimweleza mke wangu yote. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Baba watoto, ukikonda zaidi watasema mimi sikulishi. Ukule kidogo tu, mama afurahi."

Kidogo tu! Wenye afya wote wana maneno haya mdomoni. Hawajui kwamba kile kidogo ndicho kinachofungua mlango. Nikuambie nilivyojifunza, labda yatakufaa. Njaa ya kawaida husubiri. Hamu ya utamu haisubiri, inakushika shingo. Lakini ukiisha kula samaki na mawese, ukanywa maji yenye ndimu, ukaondoka ukatembea mpaka mtoni na kurudi, mara nyingi inakuachia. Usijilaumu siku isipokuachia. Kesho jaribu tena. Ila usipigane nayo ndani ya nyumba yenye asali. Wengine waliniambia niwape watoto. Niliwapa, na kabla hawajaosha mikono nilikuwa nimekwisha kulamba chungu. Asali ikiingia, mimi nimeshindwa. Ni lazima izuiwe mlangoni, na mlangoni pangu alisimama mama mkwe.

Ijumaa iliyofuata sikufungua jani. Nilimwambia mke wangu akirudishe kama kilivyo. Alilia, akakichukua.

Kabla ya Alasiri mama mkwe alikuwa amefika nacho. Kwa heshima, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemeshani, kwa hiyo aliketi nyuma ya ukuta wa matete wa jikoni, akasema na binti yake kwa sauti ya kunifikia mimi.

"Uliza mume yako, nimemukosea nini."

Nikaeleza kupitia kwa mke wangu: Lokandu, samaki, kidonda, sisimizi. Nilieleza kama ninavyomweleza mtoto herufi, bila haraka. Akaomba kuonyeshwa mahali penyewe. Mke wangu akampeleka nyuma ya nyumba, mama mkwe akatazame mkojo wangu, nami nimekaa ndani uso umeniwaka kwa aibu. Aliporudi sauti yake ilikuwa karibu ya furaha.

"Sasa si mumeona wenyewe? Wadudu njo wale, wengi. Tamu yake yote inamwangika chini, na yeye anafunga mudomo. Mwambie akule."

Uvumilivu wote nilioufanyia kazi miaka yangu ya ualimu ulikatika. Nilisimama, nikausemesha ule ukuta.

"Mama mukwe, kaka yangu mulimujaza vilevile mpaka akakufa."

Mke wangu aliziba mdomo kwa mkono. Kisha yule mama akanijibu mimi mwenyewe, mara ya kwanza tangu nioe.

"Ile asali yake ilitoka kwangu."

Sikuwa najua hilo. Nilidhani ilinunuliwa kwa wachuuzi.

"Kwa hiyo njo mimi nilimuua?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kusema ndiyo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, na sisemi uongo, nililitaka kama nilivyoitaka asali. Nikalimeza.

"Hakuna aliyejua, mama. Lakini sasa mimi ninajua. Nikikula tena, binti yako atabaki mujane."

Alichukua chungu chake akaenda. Hakumwita binti yake amfuate, wala hakumwambia abaki. Wiki baada ya wiki mke wangu alikuwa na nguo zake zimefungwa ndani ya mkeka, akingoja wajomba zake waje kumchukua. Mjini walisema mwalimu amevunja heshima, na wengine wakawatoa watoto wao chuoni. Nilikula sombe yangu nikiwa nimekunja uso. Kidonda kikafunga. Hakuna aliyeniuliza habari zake.

Kisha ikaja harusi ya shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, na kutokwenda kungekuwa tusi la pili. Niliketi kwenye mkeka wa wanaume. Likaletwa sinia la ndizi mbivu zilizokaangwa kwa mawese, likasukumwa mpaka magotini pangu.

"Mwalimu, kidogo tu," akasema mmoja wa wajomba. "Harusi ni harusi."

"Muache," akadakia mwingine, "anaogopa ndizi kama chui." Wakacheka, na wote wakawa wananitazama mkono.

Mama mkwe aliinuka upande wa wanawake. Alikuja mpaka ukingoni mwa mkeka wetu, nguo ameivuta usoni, akainama akaliondoa lile sinia mbele yangu.

"Mumoja nilimulisha kwa mukono hii, akaenda," aliwaambia ndugu zake. "Huyu hapana. Mumuletee samaki."

Hakuna aliyecheka tena. Samaki akaletwa. Nilimla huku harufu ya zile ndizi ikinijia kutoka mkeka wa pili, na nilizitaka. Mke wangu akaja akaketi nyuma yangu, kati ya wanaume, akaanza kunichambulia miiba.