Warusi Rahisi wa Chumbageni

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta piano imegeuzwa meza. Juu yake palikuwa na spika za harusi, maua ya plastiki na birika la chai. Mkuu wa Kituo chetu cha muziki cha Chumbageni, hapa Tanga, mtu mwenye adabu nyingi na asiyesikia la mtu, alinitembeza chumba hadi chumba, na tulipofika pale akaigonga kidogo kwa kidole.

"Hiyo ni ya wageni, mwalimu. Wakija tunaifuta vumbi."

Nikamuuliza wanafunzi wanajifunzia wapi. Akanijibu kuwa nota zinafundishwa ubaoni. Spika zile nilizishusha mwenyewe siku hiyohiyo, na tangu hapo hatukuelewana.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kufundisha piano hapa pwani, na nitaandika kwa hasira kwa sababu ndiyo niliyonayo. Baba yangu alishuka kutoka milima ya Usambaa akaja kukata mkonge kwenye mashamba ya Pongwe. Mimi nilijifunza kwenye kinanda cha kanisani, kile cha kukanyaga, ambacho miguu ikichoka nacho kinanyamaza. Baada ya miaka ya mwanzo pale Chumbageni nilihamishiwa chuo kimoja cha bara, na huko ndiko nilikopata bosi wa kweli. Alikuwa Mkuu wa Idara ya Muziki, mwanamke mkali aliyevaa koti hata kukiwa na jua. Hakuniruhusu kugusa kipande kipya kabla sijakisoma chote kwa macho.

"Anza na mkono wa kushoto," aliniambia. "Wa kulia una maneno mazuri, utakudanganya."

Nimefuata agizo hilo maisha yangu yote. Niliporudi Tanga, kituo kilikuwa na Bodi, na Bodi ilikuwa na Mwenyekiti, meneja wa benki aliyestaafu mapema. Piano ilikuwa ileile, ila chumvi ya bahari ilikuwa imeshaila pedali, ile ya kukanyaga ili sauti iendelee kulia baada ya kidole kuondoka. Mvua zikianza mbao huvimba, na kibao ulichobonyeza hurudi juu kwa uvivu. Mwalimu wa Tanga hachagui muziki kama mwalimu wa nchi kavu. Ukimpa mtoto kipande chenye sauti moja inayogongwa harakaharaka, atagonga mara tatu isikike moja, na watu watasema mtoto hajui.

Kwa hiyo onyesho la mwaka wangu wa mwisho kazini nilitaka kulijaza watunzi wa Kirusi walio hai. Wengi wananiuliza kwa nini Warusi. Kwa sababu mtunzi mzito wa kule haoni haya kumwandikia mtoto. Anaketi akaandika ukurasa mmoja kwa moyo uleule anaoandikia okestra nzima. Nilipekua mtandaoni, nikachapisha karatasi, nikachuja. Kipande ambacho mkono wa kushoto unaruka kama panzi, nilikiacha. Kilichotaka kiganja kipana, nilikiacha. Kilichoishi kwa pedali, nilikitupa kwa uchungu. Nilibaki na vitatu, vyote vya polepole, vyenye kimya kingi katikati, na kimya ni kigumu kukipiga kuliko kelele.

Vitatu hivyo nilimpa Zaituni. Alikuwa binti wa fundi cherehani wa palepale Chumbageni, viganja vidogo, maneno machache, na sikio ambalo katika kazi yangu yote sikupata kuona jingine kama hilo. Hakuwa amewahi kupiga mbele ya watu. Mimi nilikuwa nastaafu, na mwalimu wa kunirithi hakuwepo. Asipopiga safari ile, hatapiga tena. Mama yake alikwisha kumshonea gauni.

Kwenye tangazo niliandika: "Kazi rahisi za piano za watunzi wa Kirusi wa leo." Mwenyekiti aliniita ofisini. Katibu wa kituo, kijana mpole anayeogopa kila mtu, alikuwa amesimama pembeni na karatasi yangu mkononi.

"Mwalimu, shikamoo," alisema Mwenyekiti, maana kwa umri nilikuwa nimemtangulia. "Hapa umeandika rahisi."

"Marahaba. Ndiyo, nimeandika rahisi."

"Wageni wanatoka Dar es Salaam. Wafadhili. Tunawaita waje kuona vitu rahisi? Hata ukimwalika mtu kwako humpi kitu rahisi."

Hapo nikaelewa. Mimi nilisema rahisi ya kutokuwa ngumu, yeye alisikia rahisi ya mtumba wa chini kabisa, ile inayobaki kwenye turubai wakati wa kufunga. Nikamweleza. Nikaomba tuandike "nyepesi". Akatabasamu kama anayemkatalia mtu mkopo.

"Nyepesi ndiyo mbaya zaidi. Mpe huyo binti kitu kizito, chenye vishindo, watu wajue tuna piano. Akishindwa, tumeshaongea na mpigaji wa Dar."

"Kitu hicho kitamuumiza mkono."

"Basi apumzike."

Alisema hivyohivyo, apumzike, kama mtu anayempa mwenziwe nafuu. Nilimwambia kwamba hajawahi kumsikia Zaituni hata siku moja. Akasema Bodi haina haja ya kusikia kila mtoto. Nilitoka, na mpaka leo nikikumbuka lile tabasamu mikono yangu inatafuta kitu cha kuvunja.

Mama Zaituni neno lilimfikia kabla yangu. Mji wetu hauna siri. Nilimkuta mbele ya cherehani, hakunyanyua uso.

"Mwalimu, nasikia mwanangu karudishwa kwa kuwa ni rahisi. Hivyo hasa ndivyo walivyosema?"

Nanyi mnajua msichana akiitwa rahisi maana yake nini. Nilimwapia kuwa ni muziki, si mtoto. Alinisikiliza, lakini gauni alilikunja akaliweka chini ya vitambaa vingine.

Onyesho lilifanyika bila Zaituni. Mpigaji wa Dar alipiga vishindo, vibao vikagoma kurudi kama nilivyojua vitagoma, na wageni wakapiga makofi. Picha zilipigwa nyingi. Sikuhudhuria chakula. Watu wanasema hasira za wazee ni za bure, wengine wanakuja kunipoza kwa chai. Chai nakunywa. Sikukasirika kwa ajili yangu. Nimekasirika kwamba mtu alipewa sikio la mtoto yule alitunze, akaona bora atunze picha.

Siku yangu ya mwisho, nilipokuwa nakabidhi chumba, nilimwita Zaituni na mama yake. Mama alikuja na baibui lake, Zaituni na sare za shule. Nikafunga madirisha ili upepo usiingie kwenye kile kimya. Zaituni akapiga kipande cha tatu, kile cha polepole kuliko vyote. Alipofika pale mkono wa kulia unaponyamaza na wa kushoto unabaki peke yake, mama yake akaweka mkono kifuani.

Kikaisha.

"Huyo Mrusi," mama akauliza taratibu, "kafiwa na nani?"

"Sijui, mama," alijibu Zaituni. "Mwenyewe yu hai bado."

Katibu alikuwa mlangoni na funguo, sijui tangu lini. Akakohoa. "Mwalimu, samahani. Mwenyekiti kasema nifunge chumba mapema."

Mama Zaituni hakumgeukia. Alisogeza baibui lake ili nafasi ya pembeni yake kwenye benchi iwe wazi.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Nawe kaka, keti."

Katibu akaketi.